Sifuri ya Kaunti ya Kvernes

Ardith Tollefsrud alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye dawati la kumbukumbu la polisi wa Kaunti ya Kvernes, Minnesota, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumkamata na kosa la hesabu. Kwa hiyo ilipokuja barua kutoka mji mkuu wa jimbo, mwezi Februari, ikitaka kila kaunti iseme ni makosa mangapi ya miaka kumi iliyopita yaliyohusisha sailensa, sherifu Duane Rasmusson, mkuu wa polisi wa kaunti, hakuisoma mpaka mwisho. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiweka mbele ya Ardith, akasema hii ni ya kwako.

Sailensa yenyewe ni ile ya bunduki, bomba fupi la kufungwa mdomoni ili mlio upungue. Raia wa jimbo lile hakuruhusiwa kuwa nayo. Kukutwa nayo tu kulitosha kukufikisha mahakamani, hata kama hujawahi kuipigia kopo tupu. Sasa palikuwa na muswada wa kuiruhusu, na mwaka ule wa 2015 watu walikuwa wamegawanyika. Hawa walisema watu watauawa kimyakimya vitandani mwao. Wale walisema wawindaji wanazidi kuwa viziwi bure. Kila upande ulikuwa na sauti kubwa, ila namba hakuna aliyekuwa nayo.

Mtu mwingine angebonyeza kompyuta, akapata jibu, akaenda kunywa kahawa. Ardith alishuka kwenye ghala la mafaili akatoa kila faili lililokuwa na bunduki ndani yake, mafaili mia nne na kumi na mawili, akayasoma moja baada ya jingine kwa wiki mbili. Alimkuta mlevi mmoja aliyemtisha shemeji yake kwamba ana sailensa. Polisi walipopekua wakakuta bomba la mashine ya kufagilia zulia. Alimkuta mwingine aliyefyatua risasi kupitia mto wa kulalia, akaunguza mto na asimpate mtu. Wengine wote waliopiga risasi katika kaunti ile walipiga kwa kelele zote, wengi wao wakiwa wamelewa, mbele ya mashahidi waliowajua kwa majina tangu utotoni. Ardith akaandika sifuri, akapiga mstari chini yake.

Alikuwa na fahari na ile sifuri. Kuandika sifuri bila kutafuta ni rahisi, lakini yeye aliitafuta mpaka ghala likamalizika.

Jumapili iliyofuata alikwenda kunywa kahawa kwa kaka yake, kama alivyofanya kila Jumapili tangu mumewe afariki. Lowell alikuwa na miaka sitini na mitatu, hajaoa, na ng'ombe wa maziwa hamsini na sita katika shamba walilozaliwa wote wawili. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa milio ya bunduki, na mtu ilibidi akae kuliani kwake. Taabu yake miaka ile ilikuwa njiwa. Walikuwa wamejaa kwenye mapaa ya zizi, wananyea chakula cha ng'ombe, na mkaguzi wa maziwa alikwisha kumwandikia barua moja ya onyo. Barua ya pili ingempa tarehe ya kufungiwa soko. Sumu hakuweza kuweka, maana ingedondokea kwenye malisho. Na kupiga bunduki ndani ya zizi ilikuwa balaa tupu: ng'ombe wakishtuka hubana maziwa siku nzima, na miaka michache nyuma mmoja wao, Borghild, aliruka kwa mshtuko, akateleza kwenye saruji, akavunjika nyonga.

Ardith akamwambia kuna seneta anakuja Jumamosi kusikiliza watu kuhusu ule muswada. Aende akawaeleze habari ya ng'ombe, maana wanaosema siku zote ni wawindaji na watu wa mjini.

"Mimi nitasema nini?" Lowell aliuliza.

"Sema ukweli tu. Tangazo linasema watu walete maelezo na vielelezo."

Lowell alilitafakari lile neno, akaongeza kahawa. Alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Alisoma karatasi inayokuja na dawa ya minyoo kuanzia neno la kwanza hadi jina la kiwanda, na kila paa aliyempiga alimtolea taarifa serikalini siku hiyohiyo, wakati wenzake wakisubiri wiki. Kama tangazo linataka vielelezo, basi kielelezo kitapatikana.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa watu kama themanini, na theluji ya Machi ikayeyuka kwenye mabuti yao. Palikuwa na kahawa ya mapipa mawili na keki za kina mama, kwa sababu katika Kaunti ya Kvernes hata vita vingeanza kwa keki. Seneta Marlys Engebretson, mama mwenye miwani ya mnyororo, alikaa meza ya mbele. Sherifu Duane alikaa mstari wa kwanza, ameweka kofia juu ya goti.

Ardith alisoma taarifa yake. Mafaili mia nne na kumi na mawili, miaka kumi, makosa yaliyohusisha sailensa: sifuri. Mtu mmoja nyuma akasema sio mbaya, na kwa watu wale hizo ni sifa za kumtoa mtu machozi.

Jeanette Quist, aliyewafundisha nusu ya waliokuwamo kusoma, alinyanyua mkono. Akauliza: hiyo sifuri ipo kwa sababu kitu hicho kimekatazwa, au kwa sababu wahalifu hawakitaki? Maana kama ni kwa sababu kimekatazwa, mbona tunataka kukifungulia mlango?

Ardith akajibu kwamba faili linasema lililotokea. Lisilotokea halina faili. Mwalimu Quist aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama alivyofanya zamani mtoto alipokiri kwamba hajui.

Ndipo Lowell akasimama. Alikuwa amevaa koti la mazishi na mkononi ana sanduku lake la bati la chakula. Ardith aliona sanduku, akadhani kaka yake ameogopa kwamba keki hazitatosha.

Lowell alieleza habari ya njiwa, mkaguzi na Borghild. Alieleza vizuri, bila kutia chumvi, na watu walimsikiliza, maana wengi walikuwa na mazizi. Akasema watu wanaona sinema wanadhani bunduki ikifungwa kile kitu inapiga chafya kama paka. Si hivyo. Inasikika, ila haimtishi ng'ombe. Na akasema yeye hapendi kumwomba mtu aamini kitu ambacho hajakiona.

"Kwa hiyo nimekileta," alisema, akafungua sanduku.

Ilikuwa sailensa ya kujitengenezea: kichujio cha oili cha trekta, kile cha kopo, kimetobolewa na kuingia masizi. Kilikaa pale juu ya kitambaa safi cha jikoni, pembeni ya tufaha.

"Nimekitumia majira mawili ya baridi," Lowell aliendelea. "Njiwa wameanza kupungua. Ng'ombe hawanyanyui hata kichwa."

Alijua kuwa kimekatazwa. Ndiyo sababu hasa alikuja nacho. Kwa akili yake, kikao cha kubadili sheria ni mahali pa kueleza kwa nini umelazimika kuivunja. Asipoeleza pale ataeleza wapi? Nimewajua watu wa kaunti ile miaka mingi, na naapa hakuna pembe nyingine ya dunia ambapo mtu angeoga, akavaa koti la mazishi, akapeleka ushahidi dhidi yake mwenyewe kwa sherifu, akidhani anaisaidia serikali.

Watu themanini waliinamia vikombe vyao. Seneta alisema ahsante kwa kielelezo, kisha akaonekana anajuta kulitumia neno hilo.

"Lowell," sherifu alisema, bila kunyanyuka, "hebu funga sanduku hilo."

"Sijamaliza, Duane."

"Umemaliza, bwana."

Saa sita kasoro sanduku lilikuwa juu ya dawati la Ardith. Lowell alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, mlango wa tatu kutoka hapo, kofia mikononi. Sherifu alisimama mbele ya dawati akitazama dirisha.

Sasa, katika ofisi ile palikuwa na utaratibu mmoja ambao Ardith mwenyewe aliusimika. Kila kitu kinachoingia kama kidhibiti kinapata namba, na namba hutoka mkononi mwake. Kikishapata namba kina faili, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na halirudi. Kisipopata namba, hakipo. Alishampa namba mchungaji aliyekamatwa amelewa akiendesha gari. Mkwe wa sherifu alipompiga paa kutoka barabarani, kinyume cha sheria, bunduki yake ilipata namba kabla theluji haijayeyuka juu yake, na sherifu hakula chakula na mkwe wake mwaka mzima.

"Mimi nakwenda kula," sherifu alisema. "Nikirudi, nitakachokikuta mezani ndicho kilichopo. Nisipokuta kitu, hakuna kitu."

"Watu themanini wamekiona, Duane."

"Watu themanini walikuwa wanatazama kahawa zao."

Akavaa kofia, akatoka. Haikuwa hila. Duane Rasmusson alikuwa mtu mwema, na wema wake siku ile ulikuwa mzito kuliko ukali wa mtu mwingine. Angerudi saa nane.

Ardith aliketi. Alijua kilichokuwa ndani ya sanduku kina maana gani. Kosa lile halikuwa faini ya kuegesha gari vibaya. Lowell angekuwa mhalifu kwenye karatasi, angenyang'anywa bunduki zake na za marehemu baba yao, na njiwa wangebaki na zizi. Alijua pia kwamba taka za jalala la nyuma ya jengo huchukuliwa Jumamosi saa saba, na kwamba tufaha lingeweza kubaki mezani peke yake. Alinyanyuka mara mbili. Mara ya kwanza alifika mpaka mlango wa nyuma, sanduku kwapani, akasikia baridi ya kitasa, akarudi.

Mara ya pili alikwenda mapokezi, akakaa kuliani kwa kaka yake.

Lowell alikuwa ameanza kuelewa; alikuwa anazungusha kofia kwa ukingo wake, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuishikia. Kisha akauliza, na maishani mwake hajawahi kumwomba mdogo wake kitu kilichozidi sukari:

"Namba hiyo ni lazima, Ardi?"

Angeweza kusema si lazima. Alikuwa na ulimi wa kusema hivyo. Lakini alimwona mkwe wa sherifu, na mchungaji, na wale mia nne na kumi na wawili ghalani, kila mmoja na namba aliyoiandika yeye, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ni lazima.

"Ni lazima, kaka."

Lowell akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama anaweza kupewa tufaha lake, kwa kuwa ameamka saa kumi kukamua. Ardith alimletea. Kisha akarudi dawatini akaandika namba, na hati yake, iliyosifiwa kaunti nzima, ilitoka imepinda.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtaka alifanye. Taarifa yake iliishia Desemba, na kikao kilikuwa Machi. Angeweza kuiacha sifuri ikalala. Lakini Lowell alisema mbele ya watu kwamba ametumia kile kitu majira mawili. Basi kosa lilikuwamo ndani ya ile miaka kumi, ila tu halikuwa limejulikana. Ardith akafuta sifuri, akaandika moja, akaituma tena.

Kule mji mkuu ile moja iliishi maisha yake. Bwana mmoja aliyepinga muswada alisimama akasema sailensa zimekutwa hata katika kaunti tulivu kama Kvernes. Bwana mwingine aliyeuunga mkono alisimama akasimulia habari ya mfugaji mzee na ng'ombe aliyevunjika nyonga. Wote wawili walimtaja Lowell kwa uchungu mwingi, na hakuna kati yao aliyekuja kumsaidia kukamua. Mwezi Mei muswada ukapita. Kuanzia Julai raia wa Minnesota angeweza kununua sailensa dukani, mradi ajaze fomu za serikali kuu, alipe ushuru wa dola mia mbili na asubiri kibali.

Wakili wa Lowell alijaribu kusema basi yaishe, kwani ni kosa gani hili ambalo likifika Julai si kosa tena? Mwendesha mashtaka akajibu, bila ubaya, kwamba sheria ya Julai haifui nguo za Machi, na tena kichujio cha trekta kisichosajiliwa hakikuruhusiwa Julai wala mwezi mwingine. Lowell akakiri. Hakufungwa. Alipewa miaka mitano ya kuangaliwa na mahakama, na katazo la kugusa bunduki au kifaa chake chochote. Maduka ya kaunti yakaanza kuweka sailensa kwenye vioo vya mbele, na kila mwenye zizi akawa na haki ya kununua, isipokuwa yule mmoja aliyekwenda kueleza kwa nini zinahitajika.

Hakuna aliyemlaumu Ardith. Hilo ndilo lililomuumiza. Kina mama wa kanisani walimletea viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, sahani tano kwa wiki moja, kama wanavyomletea aliyefiwa. Kila Jumapili alikwenda kwa kaka yake kama kawaida, Lowell akamimina kahawa, mara akasema theluji imekawia kuyeyuka, mara mahindi sio mabaya. Ardith alitamani amtukane hata mara moja. Angeshukuru. Lakini Lowell alimwekea keki kwenye sahani, wakati juu ya zizi njiwa walikuwa wanazaana, na kwenye friji, chini ya sumaku, palikuwa na barua ya pili ya mkaguzi: ana mwaka mmoja wa kuwaondoa, la sivyo maziwa yake hayatapokewa.

Agosti ile Ardith alijaza fomu zake mwenyewe. Alibandika picha, akachovya vidole vyote kumi kwenye wino. Fomu ilitaka saini ya mkuu wa polisi wa mahali, hivyo akaiweka mbele ya Duane. Duane aliisoma hii mpaka mwisho.

"Ulishika bunduki lini mara ya mwisho, Ardith?"

"Nikiwa na miaka kumi na minne."

Duane akatia saini, akamkabidhi.

Kibali kilichukua miezi tisa. Kwenye miezi hiyo alijifunza upya kupiga, kila Alhamisi, kwenye uwanja wa wawindaji, kwa bunduki ndogo aliyoinunua mwenyewe. Mikono ilikumbuka zaidi ya alivyotarajia. Kiwiko ndani, pumzi nusu, usikinyakue kifyatulio, kibane tu kama unavyokamua. Yote hayo aliyafundishwa na Lowell nyuma ya zizi lilelile, walipokuwa watoto.

Alikuja siku ya katikati ya juma, mwezi Mei, saa ya kukamua jioni, jua bado liko juu. Bunduki na sailensa vilikuwa kwenye sanduku lenye kufuli, na kibali mfukoni kimekunjwa mara nne. Alimweleza Lowell alichokuja kufanya. Kaka yake alilitazama sanduku, akajisogeza nyuma hatua mbili, mikono juu kidogo, kama mtu aliyeambiwa jiko ni la moto. Hakutaka hata kivuli chake kiangukie kitu kile.

"Mimi nitakaa nje," alisema. "Karatasi inasema nisiguse."

"Haisemi utoke nje ya zizi lako."

"Nitakaa nje tu."

Akakaa nje, penye ukuta wa chumba cha maziwa, mikono mfukoni. Ardith aliingia. Mashine za kukamua zilikuwa zinavuta, ng'ombe hamsini na sita wamepangwa safu mbili wanatafuna. Alisimama mahali ambapo Lowell alizoea kusimama. Paliingia vyema miguuni, saruji ilikuwa imelika. Akanyanyua bunduki. Njiwa wa kwanza alianguka kwenye majani. Ng'ombe wa karibu aligeuza sikio moja, akalirudisha, akaendelea kutafuna, na maziwa yakaendelea kupita kwenye bomba la kioo, meupe, bila kukatika.

Ardith alibana, akabana, akabana. Hakuwa mtu wa kulia, lakini ilibidi ateremshe bunduki mara moja ajifute macho kwa mkono wa sweta. Kaka yake alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, katika ukumbi ule, na kweli hiyo ndiyo aliyoipa namba.

Alifika njiwa wa ishirini na tatu. Akafungua bunduki, akaitia kwenye sanduku, akafunga kufuli, akaenda mlangoni.

Lowell alikuwa palepale ukutani, ameelekeza sikio lake zima upande wa zizi, uso umekunjamana kwa kusikiliza. Alimwona mdogo wake mlangoni, akaondoka ukutani.

"Vipi, Ardi," aliuliza. "Unaanza saa ngapi?"